Ndege wa kifua cha njano chenye mistari, nimemwona kwa nyasi huko Kinangop, ni nani huyu?

mtembezi_umoja

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie kumtambua ndege mmoja. Jumamosi tulitoka hapa Nairobi na wenzangu wa kazini tukapanda matatu ya Njabini, tukashuka kabla ya kufika tauni, tukaanza tu kutembea kwa mashamba tukielekea upande wa milima ya Aberdare, huko hakuna njia ya watalii wala nini, unasalimia mwenye shamba unaomba kupita unapita. Sehemu kubwa ni waru na kabeji na blugamu zimepandwa kando ya fensi, lakini tulifika mahali pamoja kuna uwanja mpana wa nyasi, kondoo wameila imebaki fupi kabisa isipokuwa yale mafungu ya nyasi ngumu ambayo kondoo hawayataki, hayo yamesimama hapa na pale yanafika magotini.

Hapo ndo huyu ndege alitokea. Hakuruka, alikuwa anatembea, na ni kutembea kweli hatua kwa hatua sio kudunda vile shomoro hufanya. Anaingia nyuma ya fungu moja la nyasi anatokea kwa lingine, anasimama wima anatuangalia, anainama tena. Mgongo wake ni kahawia na michirizi mingi, akikupa mgongo huwezi jua kuna kitu hapo, lakini akigeuka wueh, njano kuanzia kooni mpaka tumboni na kwa kifua kuna weusi weusi. Anamzidi shomoro kidogo lakini njiwa hamfikii hata karibu. Tulipozidi kusonga aliruka chini chini, hakuenda mbali, akatumbukia kwa nyasi tena, na akiruka mkia ulionyesha nyeupe pande zote mbili.

Picha niko nayo lakini ni ya simu na nilivuta mpaka ikaharibika, unaona tu kitu cha njano. Nimetafuta kwa mtandao ndege wa njano wa Kenya naletewa kwera kila mahali, na huyu si kwera, kwera nawajua, wamejaa kwa mti hapo kwa ploti yetu.

Kuna mwingine pia nitauliza hapo hapo, mweusi mwenye mkia mrefu ajabu na bega jekundu, anapita polepole juu ya nyasi mkia ukining'inia. Hao walikuwa kadhaa. Lakini anayeninyima usingizi ni huyo wa njano. Asanteni.

Kipanga_wa_Kayole

Weka picha hata kama imeharibika bro, rangi peke yake inasaidia. Alafu jibu haya. Huo weusi wa kifua ni mistari iliyokatikakatika ama ni mkanda mmoja mzima umevuka kutoka upande huu hadi ule? Alikaa kwa waya ama juu ya kichaka hata mara moja? Na kulikuwa na ng'ombe hapo? Nauliza juu kuna wale wembamba wa njano wanaokimbia kwa miguu ya ng'ombe wakitikisa mkia juu chini, wale hutoka Ulaya na Asia wanafika kwetu kuanzia Septemba hivi na kufikia Aprili wengi washaenda, na watu wengi huwachanganya na ndege wengine wa njano. Wale lakini tumbo lao ni safi halina mistari.

mtembezi_umoja

Asante Kipanga. Hakutikisa mkia. Ng'ombe hawakuwepo, ni kondoo tu na walikuwa mbali. Kuna fensi ya waya ilikuwa karibu kabisa lakini hakuiangalia, muda wote alikuwa chini.

Kuhusu kifua, nimempigia mwenzangu mmoja alikuwa na kamera ya maana, amenitumia picha mbili sasa hivi. Si mkanda. Ni michirizi mifupi myeusi, imeanzia kando ya koo ikashuka kifuani na mingine imeenda mbavuni, na katikati ya kifua inakuwa haba. Juu ya jicho kuna mstari wa njano ya kufifia. Kitu kingine nimekiona kwa hiyo picha na sikukiona kwa macho: mguu mmoja ulikuwa umekanyaga kipande cha nyasi iliyolala, na kucha ya kile kidole cha nyuma ni ndefu sana, inakaribia kulingana na kidole chenyewe, na imenyooka, haijapinda vile ya kuku. Nimeziweka hapo chini.

Mzee_wa_Darubini

Kijana wangu, hiyo picha ya pili ya mguu ndiyo imemaliza kesi. Nimeiangalia, nikachukua kitabu nikaiangalia tena, na sina wasiwasi. Huyo anaitwa Macronyx sharpei, kwa vitabu vya ndege utampata kwa jina Sharpe's longclaw, sisi humu tumezoea kumuita kucha-ndefu wa Sharpe. Na tafadhali elewa umemwona nani: ndege huyu hayuko Tanzania, hayuko Uganda, hayuko Ethiopia, duniani kote anaishi Kenya peke yake, na hata hapa Kenya ni kwenye nyasi za nyanda za juu tu. Kinangop ndiyo ngome yake kubwa, halafu kuna Mau Narok na Molo, Uasin Gishu upande wa kaskazini, na sehemu za Mlima Kenya na Aberdare. Watu husafiri kutoka Ulaya wanamtafuta huyo wiki nzima.

Nikueleze nimefikaje hapo maana ni vizuri ujue kumtenganisha mwenyewe siku nyingine. Kucha-ndefu tunao wanne Kenya. Wa koo la njano, Macronyx croceus, ndiye wa kawaida, huyo hata hapa Nairobi ukiingia mbuga ya taifa ukapita zile nyasi wazi utamkuta, ni mkubwa kuliko huyu wako, na kifuani ana mkanda mweusi mzima umekolea unapanda mpaka pande za koo. Na yeye hupenda kupanda juu, kichaka, nguzo ya fensi, hapo anapiga filimbi yake kila mtu amsikie. Wa Pangani yuko kwa nchi kavu upande wa Tsavo na koo lake limeingia rangi ya machungwa. Wa nne ana koo la waridi kabisa, huyo naye anapatikana mbuga ya Nairobi na Mara kwenye nyasi zenye unyevu. Sasa wako hana mkanda, ana michirizi, mgongo umechorwa sana, ni mdogo kuliko wa koo la njano, na alikataa waya ulio karibu. Huyo wa Sharpe ni nadra kumwona kwa kichaka au kwa waya. Na urefu wa pale mlipokuwa, Kinangop ni mita 2,400 kwenda juu, unamfaa kabisa, maana hapatikani kwa tambarare za chini.

Kucha hiyo ina kazi. Ndege wa jamii hii wanatembea juu ya nyasi iliyolala na juu ya yale mafungu, na kucha ndefu iliyonyooka inasambaza uzito mguu usizame. Ndiyo maana ulimwona anatembea kwa utaratibu badala ya kurukaruka. Wadudu anaokula, panzi na mende hasa, anawapata kwenye ile nyasi fupi katikati ya mafungu, akihisi hatari anaingia nyuma ya fungu, na kiota anakitengeneza hapo hapo kwenye shina la fungu, inchi chache tu kutoka chini, mayai mawili au matatu. Kwa hiyo anahitaji vyote viwili kwa pamoja, nyasi fupi ya kutafutia chakula na mafungu ya kujifichia. Ukimpa nyasi fupi tupu hakai. Ukimpa nyasi ndefu iliyofunga kila mahali hakai pia. Hiyo picha yako ya kwanza ambayo unaona haina maana, mimi nimeipenda kuliko hata ya ndege, kwa sababu inaonyesha huo mchanganyiko vizuri sana.

Aliandikwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1904 na Frederick Jackson, yule aliyekuja kuwa gavana Uganda, akampa jina la Richard Bowdler Sharpe aliyekuwa mtaalamu wa ndege kwenye makumbusho ya London. Leo kwenye orodha nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, yumo katika wale walio hatarini kutoweka. Na sababu si kuwindwa, hakuna anayemwinda. Sababu ni hiyo uliyoitaja wewe mwenyewe bila kujua: waru, kabeji, blugamu.

Kayaba_to_Ohio

Mimi niko Marekani na nilikuwa nimekaribia kubishana hapa juu huku Ohio kuna ndege wa mashambani kifua njano, mgongo kahawia wa mistari, mkia nyeupe pande zote na anajificha kwa nyasi vile vile. Nimeenda kuangalia, anaitwa Eastern meadowlark, na yeye ana V nyeusi kubwa kifuani. Kwani hawa ni ndugu?

Mzee_wa_Darubini

Si ndugu hata kidogo, na umeleta jambo zuri sana. Huyo wako wa Ohio yuko kwenye ukoo wa ndege wa Amerika tu, na hawa wetu ni ukoo mmoja na wale wanaotikisa mkia aliowataja Kipanga. Wamefanana kwa sababu wameishi maisha yaleyale kwenye nyasi, mgongo wa kujificha na kifua cha kujitangazia, mabara mawili tofauti yakafikia jibu moja. Anayefanana naye zaidi ni yule wetu wa koo la njano kuliko huyu wa Sharpe.

mtembezi_umoja

Mzee sina la kusema, asante sana. Nimemtumia mwenzangu wa kamera hii yote na yeye haamini. Nilifikiri nitaambiwa ni ndege wa kawaida tu ambaye mimi sijawahi kumakinika naye. Swali langu sasa, kama ni shamba la mtu na mtu anataka kulima, huyu ndege si anahama tu aende kwingine? Juu Kinangop ni kubwa.

mama_kondoo

Nimesoma hii yote nikaona niandike kwa sababu mimi nimeolewa huko na shamba letu liko upande huo wa Njabini, saa hii niko Nairobi kwa binti yangu lakini narudi wiki ijayo.

Mtembezi, swali lako ni zuri, lakini nikuulize anahamia wapi? Ukiangalia kutoka barabarani unaona Kinangop ni kubwa lakini ile nyasi ya zamani imebaki vipande, hapa ekari mbili, pale ekari tano, katikati ni waru. Wale vijana wa utafiti waliokuja kwetu walituambia huyu ndege si wa kusafiri, anakaa pale pale alipozaliwa ama karibu, haruki kuvuka mashamba akatafute kipande kingine mbali. Kwa hiyo ukilima kile kipande hajahama, ameisha.

Na naomba watu wa Nairobi wasituone wabaya. Sisi wazazi wetu waliingia hapo miaka ya sitini wakati mashamba ya wazungu yalikatwa watu wakapewa, wakati huo kulikuwa ni ng'ombe na kondoo, nyasi kila mahali. Baba mkwe alikuwa na shamba moja, akagawia watoto wake wa kiume, na wao sasa wanagawia wao. Ukibaki na kipande kidogo na karo ya shule inangoja, waru inatoka kwa miezi michache unauza, kondoo unangoja, na sufu bei yake haikupi nguvu ya kungoja. Hiyo ndo hesabu. Hakuna mtu amewahi kulima kwa sababu anachukia ndege.

Yale mafungu ya nyasi ngumu watu huyang'oa ama huyachoma kwa sababu kondoo na ng'ombe hawayali na yanachukua nafasi, unaonekana wewe ni mkulima mvivu ukiyaacha. Mimi nilikuwa nayang'oa. Siku hizi tumeacha kipande cha chini ambacho hukaa maji maji hata hivyo, waru huoza hapo, kondoo wanalisha, na hao ndege wako hapo mpaka leo, ukipita asubuhi na ndoo unawasikia, sauti nyembamba inapanda inapanda kama mtu anajaribu filimbi. Na sio kwamba ukiondoa kondoo ndo utawasaidia. Jirani yetu alifunga kipande chake bila mifugo nyasi ikapanda ikafunga kabisa, wakahama kwake wakaja kwetu ng'ambo ya fensi. Kondoo ni wa maana.

Pia niseme yako mazuri yamefanywa. Nature Kenya, lile shirika la uhifadhi, walinunua vipande vya ardhi huko Kinangop vikae nyasi, na kuna kina mama Njabini wanaosokota sufu wanashona vitu wanauza ili kufuga kondoo kulipe. Mtu akinunua sweta ama zulia la sufu ya huko amesaidia huyu ndege kuliko mtu anayeandika maneno mazuri mtandaoni.

Kipanga_wa_Kayole

Mama asante sana kwa hii. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya jirani kufunga shamba bila mifugo sijawahi kuisikia mahali, na ndo kitu watu wa mjini hukosea, tunafikiri kuhifadhi ni kuzungusha fensi na kufukuza kila mtu.

mwl_bio_rongai

Naona huyu wa njano amepata haki yake, sasa mimi nimjibu kijana kuhusu yule mweusi wa mkia kwa sababu naye ana historia na ni ya hapo hapo Kinangop, na huwa nawafundisha wanafunzi wangu na wanakataa kuamini ilifanyika Kenya.

Huyo ni kweche wa mkia mrefu, Euplectes progne, na wale wa nyanda zetu za juu wana mkia mrefu kuliko ndugu zao wa Afrika Kusini. Uliowaona ni madume, na mkia huo wanao msimu wa kuzaliana tu, wakimaliza unatoka, dume anakuwa kahawia na michirizi anafanana na jike mpaka msimu mwingine. Mkia unafika nusu mita kwa ndege ambaye mwili wake unaenea kwa kiganja. Hapo ulipoona anapita polepole mkia umening'inia, alikuwa anajionyesha, ameukunjua makusudi ili uonekane kutoka mbali.

Sasa swali la miaka mingi lilikuwa, mkia huo wa kazi gani? Unamchosha, ukilowa mvua hawezi kuruka vizuri. Darwin alikuwa amesema majike ndio wanaochagua mapambo ya namna hiyo, lakini kusema ni rahisi, nani amepima? Basi mtafiti wa Sweden, Malte Andersson, akaja Kinangop akashika madume 36, akawagawa kwa vikundi vya wanne wanne wanaopakana. Kwa kila kikundi dume mmoja alikatwa mkia ukabaki kama sentimita 14. Manyoya yaliyokatwa akayabandika kwa gundi kali kwa dume mwingine, mkia ukaongezeka kama sentimita 25. Wawili waliobaki ni wa kulinganishia: mmoja alikatwa akabandikiwa manyoya yake yaleyale, ili mtu asiseme ni gundi au ni kushikwa kulikoleta tofauti, na mwingine hakuguswa. Halafu akahesabu viota vya majike kwenye eneo la kila dume, kabla na baada.

Kabla hakukuwa na tofauti. Baada ya hapo, wale walioongezwa mkia ndio waliopata viota vipya vingi kuliko wote, kuwashinda hata wale wenye mkia wao wa kawaida. Na jambo ninalolipenda zaidi, waliokatwa mkia hawakupoteza maeneo yao, madume wengine hawakuwafukuza. Maana yake mkia si wa kupigania eneo, ni majike wanaangalia. Matokeo yalitoka kwa jarida la Nature mwaka 1982 na mpaka leo yako kwenye vitabu vya biolojia dunia nzima. Yamefanyika kwa nyasi zetu, kilomita chache kutoka mahali matatu ilikushusha. Mwanafunzi wa Rongai anasoma kuhusu ndege wa Galapagos na huyu hamjui, hilo linaniuma kweli.

Ukimwona mweusi mwingine mwenye mkia mfupi uliopinda, anarukaruka juu chini pale pale mahali pamoja ndani ya nyasi, huyo ni mwingine, kweche wa Jackson. Anasafisha duara dogo, anaacha fungu la nyasi katikati, anacheza hapo. Huyo hata tambarare za Nairobi na Athi anaonekana mvua ikinyesha vizuri.

mtembezi_umoja

Mwalimu hii ya gundi imenimaliza. Kesho ofisini hakuna kazi itafanyika mpaka niwasimulie.

Sasa nifanye nini na hizi picha? Kuna mahali pa kupeleka ama zinakaa tu kwa simu? Na mama_kondoo, kama hutajali, tungependa kurudi tukiwa tumejipanga, tulikuwa tunapita tu bila kujua tunakanyaga nini.

Mzee_wa_Darubini

Zipeleke, usikae nazo. Kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map ulianza 2013, unatumia watu wa kawaida kama wewe. Nchi imegawanywa kwa miraba midogo, kila mmoja una upana wa kilomita 9 hivi, unaingia kwa mraba unaandika kila ndege unayemtambua, kwa simu yako, programu inaitwa BirdLasser na ni ya bure. Usiandike huyo wa Sharpe peke yake, andika na wale kunguru na wale kwera uliowachoka, maana orodha kamili ndiyo inayoonyesha ni nani anapungua mahali gani. Ramani ya zamani ya ndege wa Kenya ilitoka 1989 na ukilinganisha na sasa unaona nyasi zilivyoisha. Rekodi ya Jumamosi unaweza kuiweka pia ukikumbuka tarehe na mahali, na picha ya mguu iambatanishe.

Halafu kama uko Nairobi na una nafasi Jumatano asubuhi, njoo Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Nature Kenya wana matembezi ya ndege kila Jumatano, Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza 1971, na pale hakuna swali la kijinga. Mimi nilijifunzia hapo. Kama hujanunua darubini usijali, kuna mtu atakuazima ya kwake. Ukifika mapema ingia kwanza ukumbi wa ndege ndani ya makumbusho, unamwangalia kwa karibu aliyetulia, unaona mguu, unaona mdomo, ukitoka nje macho yako yanajua yanatafuta nini.

Kipanga_wa_Kayole

Na jambo moja la adabu, tafadhali usicheze sauti yake kwa simu ndo atokee. Siku hizi kila mtu anapakua sauti anaziwasha kwa spika porini, ndege anafikiri kuna dume mwingine amevamia, anaacha kula anaacha mayai anakuja kupigana na simu. Kwa ndege waliobaki wachache namna hii hiyo ni kuwaua polepole. Simama tu, tulia, atatembea mwenyewe.

mama_kondoo

Karibuni sana, nimefurahi mmeuliza kabla ya kuja. Mambo machache tu. Msije mvua ikianza kuchanganya, ile ya Machi mpaka Mei, wakati huo ndo wanataga sana na kiota hukioni mpaka umekanyaga. Mkija wakati mwingine wowote piteni kwa njia ya kondoo, iko wazi, msikate katikati ya mafungu, na mbwa asiletwe. Vaeni gamubuti, kipande cha chini kina maji hata kukiwa na jua, na asubuhi huko baridi si ya Nairobi.

Kijana wangu wa pili atawatembeza, yuko fomu tatu na anawajua wanakokaa kuliko mimi. Mwalimu, huyo kijana hajawahi kusikia hiyo habari ya mikia na gundi, ukiweza kuja na wanafunzi wako ningependa umweleze mwenyewe akiwa hapo kwa nyasi. Chai na waru za kuchemsha zitakuwepo. Niandikieni inboksi mko wangapi nijue sufuria ya kupika nayo.

mwl_bio_rongai

Mama nakuandikia sasa hivi. Nina klabu ya wanafunzi kama 20 hivi, shule ikikubali basi tunakuja likizo ya Agosti ikianza.

mtembezi_umoja

Sisi ni sita. Nimeshaweka BirdLasser kwa simu, nimeandika rekodi ya Jumamosi, imeniuliza kama nina uhakika nikabonyeza ndiyo. Mzee, nionyeshe tu kama hapa kwa mbavu michirizi hii inatosha, nimeongeza picha ya tatu ambayo mwenzangu alikuwa amesahau.

Mzee_wa_Darubini

Inatosha na inazidi. Na ukiangalia kona ya kushoto ya hiyo ya tatu, nyuma ya lile fungu lililoinama, kuna kichwa kingine. Walikuwa wawili. Rekebisha idadi kwa rekodi yako kabla hujalala.